Yai Likielea, Samaki Hajapona

Ndugu msikilizaji, masika yakiingia Dar es Salaam, kila mwenye jiko huona kioja kilekile. Chumvi iliyokuwa kavu kopoani huanza kulowa, hushikamana, na mwisho huchuruzika maji. Hakuna aliyeimwagia maji. Imeyanywa hewani.

Nayataja haya kwa sababu ya mama mmoja, jirani yangu hapa Sinza. Aliamka alfajiri na mtaji wake wote, akaenda soko la samaki Feri, akarudi na nguru wazuri. Nia yake ilikuwa kufanya nguru wa chumvi, auze polepole bila kutegemea jokofu wala umeme. Akawapasua, akawaosha, akakoroga ndoo ya maji ya chumvi. Alikuwa amefundishwa kwamba yai bichi likielea, chumvi imetosha. Yai likaelea. Akawatumbukiza samaki, akafunika. Siku ya tatu harufu ikapiga hodi nyumba hadi nyumba.

"Baba, yai limeelea nikiliona kwa macho yangu," aliniambia. "Sasa nimekosea wapi?"

Swali hilo ni la haki, na jibu lake ndilo mazungumzo yetu ya leo.

Watu wengi hudhani chumvi huua vijidudu kama sumu inavyoua panya. La hasha. Kazi kubwa ya chumvi ni kuyafunga maji. Kijidudu nacho kinahitaji maji ili kiishi, na si maji yoyote, bali maji yaliyo huru. Wataalamu huita jambo hili utendaji wa maji. Sisi tuuite uhuru wa maji. Maji matupu yana uhuru wa asilimia 100. Kadiri unavyotia chumvi, ndivyo uhuru unavyopungua, ijapokuwa ndoo bado imejaa maji.

Uhuru huo hupimwaje? Funika maji matupu ndani ya chupa, hewa iliyo juu yake itashiba unyevu kwa asilimia 100. Funika maji yaliyoshiba chumvi kabisa, hewa itasimama kwenye asilimia 75. Hapo, ndugu msikilizaji, ndipo lilipo fumbo la kopo la chumvi. Hewa ya masika mara nyingi hupita asilimia 75, basi chumvi huyavuta maji. Na chumvi ya mawe kutoka mabwawa ya pwani, kama ya Bagamoyo na Lindi, ikivunwa bila kuchujwa vizuri yale maji machungu ya mwisho, hubaki na chumvi za magnesiamu. Hizo hunywa maji hata unyevu wa hewa ukiwa asilimia 33 tu. Ndiyo maana chumvi ya namna hiyo hulowa mapema zaidi.

Je, tunaweza kukisia uhuru huo bila chombo cha maabara? Naam, kwa hesabu ya darasani. Wanakemia huhesabu chembe kwa mafungu. Lita moja ya maji ina mafungu 55. Inayeyusha gramu 360 za chumvi, na hapo imeshiba. Gramu hizo ni mafungu 6, lakini kila chembe ya chumvi ikiyeyuka hupasuka mbili, yakawa 12. Jumla ni 67. Mfaransa François Raoult alionyesha katika miaka ya 1880 kwamba uhuru wa maji ni fungu la maji katika jumla yote. Gawa 55 kwa 67, unapata asilimia 82.

Lakini tumesema kipimo halisi ni 75! Hesabu imekosea wapi? Imesahau kwamba chumvi haikai tu majini, bali huyakumbatia maji. Mwaka 1948 wanasayansi Stokes na Robinson walieleza jambo hilo vizuri. Chukulia kwamba kila chembe ya chumvi imekamata chembe 3 za maji. Mafungu 6 ya chumvi yamekamata mafungu 18. Toa 18 katika 55, yanabaki 37 yaliyo huru. Ongeza yale 12 ya chumvi, jumla 49. Gawa 37 kwa 49: kama asilimia 75. Siku hizi wako wenye hesabu ndefu zaidi, kama zile za Mmarekani Kenneth Pitzer za mwaka 1973, lakini kwa ndoo ya nguru hii inatosha.

Sasa turudi kwa yai. Yai bichi huanza kuelea chumvi ikifika kama asilimia 10 ya uzito wa maji hayo. Uhuru wa maji hapo bado ni karibu asilimia 93. Bakteria wengi waozeshaji husimama ukishuka chini ya 91, lakini stafilokoka, anayekaa puani na mikononi mwetu, huweza kuota mpaka 86. Sumu yake haiishi kwa kupikwa. Kwa hiyo yai lilisema kweli kwamba maji yamekuwa mazito. Halikusema kwamba samaki amepona.

Isitoshe, samaki naye amebeba maji yake. Kilo 3 za samaki zina maji kama kilo 2 na nusu. Yote hayo lazima yashibe. Zidisha kwa gramu 360, utapata gramu 900. Ndiyo maana wazee wa pwani wanaotia kilo 1 ya chumvi kwa kila kilo 3 za samaki hawakubahatisha.

Basi mama, na wengine wenye biashara hii, shikeni haya. Anza na samaki mbichi kweli, maana chumvi haimfufui aliyekwisha kuharibika. Mpasue aliye mnene ili chumvi ifike ndani. Usipime kwa yai, tazama chini ya ndoo: chumvi isiyoyeyuka ibaki hapo mpaka siku ya mwisho. Kisha anika juani hadi akauke, kwa sababu wako vijidudu vyekundu vinavyopenda chumvi, vilevile vinavyoyageuza mabwawa ya chumvi kuwa mekundu, na hivyo huishi hata kwenye asilimia 75. Akishakauka, mfungie kwenye chombo chenye mfuniko wa kubana, hasa wakati wa masika, asije akainywa hewa kama lile kopo la jikoni.

Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini akiba ya mama yule iliozea ndani ya ndoo, kwa upungufu wa kilo chache za chumvi, bidhaa rahisi kuliko zote sokoni. Aliyebana chumvi amepoteza nguru.

Tukutane wiki ijayo.