Kompyuta ya Michezo Ikizima Ghafla, Usikimbilie Kununua Kadi Mpya

Mchezo umepamba moto, wateja wamejaa ukumbini, mara picha inaganda. Skrini inakuwa nyeusi, feni zinavuma kwa nguvu, na sauti ya mchezo huenda ikaendelea kusikika kana kwamba hakuna kilichotokea. Mteja anadai pesa zake. Jioni mwenye ukumbi anaambiwa kwamba kadi ya michoro imekufa na anunue nyingine, kwa maelfu ya shilingi ambayo biashara yake changa haina.

Shida hii inawajua vyema vijana waliofungua kumbi za michezo ya kompyuta hapa Pwani, pamoja na wale wanaohariri video za harusi, maana wanatumia mitambo ya aina moja. Lakini mara nyingi kadi haijafa. Imezidiwa na joto, haipati umeme wa kutosha, au programu inayoiendesha imevurugika. Kila chanzo kina dalili zake, na nyingi hutambulika kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Kadi ya michoro ndiyo hutengeneza kila picha inayoonekana kwenye skrini wakati wa mchezo. Kazi hiyo hula umeme. Kadi ndogo kama GTX 1650 iliundwa kutumia takriban wati 75, ilhali RTX 3060 hufika wati 170, na karibu umeme huo wote hugeuka kuwa joto. Kompyuta sita zenye RTX 3060, zikichezewa kwa pamoja katika chumba kimoja, hutoa joto la zaidi ya wati 1,000 kutoka kwenye kadi peke yake. Ni kama kuwasha jiko dogo la umeme na kulisahau.

Sasa weka chumba hicho chini ya bati, msimu wa kaskazi, Januari hadi Machi, hewa ya mchana ikipita nyuzi 30. Feni ya kadi haina hewa nyingine ya kuvuta ila hiyo hiyo. Ongeza vumbi lililogandamana na unyevu wa bahari kati ya mapezi ya chuma yanayopoza kadi, na joto halina pa kutokea. Kadi nyingi hujipunguzia kasi zenyewe zinapokaribia nyuzi 83 hadi 90. Ndiyo maana mchezo huanza kukwama kidogo kidogo kabla ya kuganda kabisa, na kompyuta iliyofanya kazi vizuri asubuhi ikasumbua alasiri.

Kupima hili ni rahisi. Kwenye Windows 10 au 11, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha ufungue sehemu ya Performance. Kwa kadi nyingi, kiwango cha joto huonekana hapo. Halafu fungua ubavu wa kompyuta na uelekeze feni ya kawaida ndani. Mchezo ukienda saa nzima bila kuganda, ugonjwa umejulikana. Tiba ni kuizima kompyuta, kuichomoa kwenye soketi na kupuliza vumbi kwa blowa nje ya chumba, huku feni za kadi zikishikiliwa kwa kidole zisizunguke kupita kiasi. Kitambaa chenye maji kisiguse kitu chochote ndani. Kwa kadi ya miaka mingi, fundi anaweza pia kubadilisha pesti ya kupitisha joto iliyokauka.

Umeme nao una dalili yake: kompyuta haigandi polepole, bali hukatika papo hapo mchezo unapokuwa mzito, kisha hujiwasha upya. Hapa mtuhumiwa wa kwanza ni pawa saplai. Kibandiko kinaweza kusema wati 500, lakini kadi hutegemea hasa laini ya volti 12. Zidisha 12 kwa ampea zilizoandikwa kwenye laini hiyo. Ikiwa ni ampea 18, kadi na prosesa zinagawana wati 216 tu, na RTX 3060 peke yake inataka 170. Nafasi ambayo kadi huchomekwa kwenye ubao mkuu hutoa hadi wati 75, plagi ya pini sita huongeza 75, na ya pini nane 150. Kadi yenye plagi mbili ipewe nyaya mbili tofauti kutoka pawa saplai.

Plagi ikigeuka rangi ya kahawia au ikinuka plastiki iliyoungua, zima mara moja na usijaribu tena "mara ya mwisho." Kompyuta zote kuchomekwa kwenye ekstensheni moja iliyounganishwa na nyingine ni njia ya haraka ya kuwaita maafisa wa zimamoto. Pawa saplai nayo isifunguliwe na asiye fundi, kwani huhifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa.

Programu ndiyo chanzo rahisi zaidi kutibu. Kadi isipoitikia kwa sekunde 2, Windows huiwasha upya draiva yake, na kosa nambari 4101 huandikwa kwenye Event Viewer. Ikiwa usumbufu ulianza baada ya kusasisha, rudisha draiva ya awali, ukiipakua kwa kampuni iliyounda kadi yenyewe. Aliyeongeza kasi ya kadi kupita ile ya kiwandani aiondoe kwanza kabla ya kulaumu chochote.

Yote yakishindikana, hamishia kadi kwenye kompyuta nyingine iliyo nzima. Ikisumbua huko pia, au ikionyesha vidoti na mistari ya rangi tangu kompyuta inapowashwa, hapo fundi ana haki ya kusema imekufa.

Anayelazimika kununua iliyotumika awe macho. Tangu mtandao wa Ethereum uache uchimbaji wa sarafu kwa kadi hizi Septemba 2022, kadi nyingi zilizofanya kazi usiku na mchana ziliingia sokoni. Ione ikiendesha mchezo mzito dukani kwa nusu saa, na udai risiti yenye nambari ya kadi. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaostahili, na Sheria ya Kuwalinda Wateja ya mwaka 2012 inamtetea, lakini bila risiti ni vigumu kuthibitisha madai.

Kadi iliyokufa kweli isichomwe pamoja na takataka, kwa sababu moshi wake una sumu. Ipelekwe kwa mkusanyaji wa taka za kielektroniki mwenye leseni ya NEMA.