"Haya" Ina Sauti Ngapi?

Mwaka jana kundi la WhatsApp la ukoo wetu lilinuna siku nne kwa sababu ya herufi nne. Shangazi aliandika kwamba mchango wake wa harusi ungechelewa mpaka mwisho wa mwezi. Mpwa wake, kijana wa miaka 22 tuliyempa kazi ya kutunza fedha, akajibu: "Haya." Kijana alimaanisha nimekusikia shangazi, usijali. Shangazi akaisoma haya ya mtu anayegeuza uso na kusonya. Akajitoa kundini.

Nimefundisha mawasiliano kwa miaka mingi na sijapata mfano bora wa kuanzia somo la adabu za mtandaoni. Tamka haya kwa upole, umekubali. Ikaze, umetoa amri. Ivute, unambembeleza mtoto. Ikate ghafla huku ukitazama pembeni, umemwambia mwenzako aende zake. "Sawa", "hongera" na "asante sana" nayo ni hivyo hivyo: yaweza kuwa heshima, yaweza kuwa kijembe, na msikilizaji hajui ni lipi mpaka asikie sauti na kuona macho. Ujumbe wa maandishi unafikisha herufi tu. Sauti inabaki kichwani mwa mwandishi.

Ubaya ni kwamba mwandishi hajui kuwa imebaki. Mwaka 2005, wanasaikolojia wa Marekani Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao walichapisha utafiti ambao ndani yake watu walitumiana sentensi, nyingine za dhati na nyingine za kejeli. Baadhi walitumia baruapepe, baadhi walizungumza. Wote walitarajia kueleweka kwa karibu asilimia 78. Waliozungumza walieleweka kwa asilimia 73. Walioandika waliambulia asilimia 56, yaani walizidi kidogo tu kurusha shilingi juu na kubahatisha upande. Kila mmoja alikuwa akijisikia mwenyewe anaposoma alichoandika, akadhani na mwenzake anasikia vilevile.

Macho nayo yana kazi yake. Tumezoea kulaumu majina bandia, kwamba mtu akijificha ndipo anapotukana. Mwaka 2012 Noam Lapidot-Lefler na Azy Barak wa Israeli waliwapanga watu wawili wawili wajadiliane kwa kuandikiana kwenye kompyuta. Wengine walijuana majina, wengine hawakujuana. Wengine waliwekewa kamera wakatazamana machoni, wengine hawakutazamana. Kilichochochea zaidi maneno makali ni kukosa kutazamana, kuliko hata kufichwa kwa jina. Aliyewahi kukaa kwenye kundi la ukoo hatashangaa. Pale kila mtu anamjua mwenzake tangu utotoni, na bado maneno yanarushwa ambayo hakuna ambaye angethubutu kuyatamka mkekani.

Hapa nitaomba niwatete kidogo mama zetu, ambao walijua mchezo huu zamani. Kwa zaidi ya karne moja kanga imebeba maandishi. Jirani akijifunga kanga yenye fumbo na kupita mlangoni pako, ujumbe umefika na huna la kumshtaki, maana hakukutaja. Stetasi ya WhatsApp imerithi kazi hiyo, tena kwa saa 24 tu kisha inatoweka. Lakini kanga ilipita mbele ya mlango uliokusudiwa. Stetasi inapita mbele ya milango yote kwa wakati mmoja: bosi, mchungaji, wifi, fundi wa bomba. Watu watano wasiohusika wanalala wakijiuliza wamekosa nini, na mlengwa huenda hata hakuifungua. Kama kazi ya mafumbo, naona imeharibika. Mwenye neno na mtu ampigie.

Sheria zipo. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Kenya ina ya kwake ya 2018, na zote zinagusa udhalilishaji na usumbufu wa mtandaoni. Ila hakuna askari atakayekuja nyumbani kwa ajili ya "Haya."

Kwa hiyo tunafundishaje? Methali ya samaki mkunje angali mbichi haitusaidii sana, kwa sababu kwenye makundi mengi niliyomo wakorofi ni samaki waliokwisha kauka. Darasani ninatumia zoezi moja, na hulifanya kwa vijana na wazee kwa pamoja. Soma ujumbe wako kwa sauti mara mbili kabla hujautuma: mara ya kwanza kama mtu mwenye furaha, mara ya pili kama mtu aliyekasirika. Ujumbe ukikubali kusomwa kote kuwili, haujakamilika. "Haya" inageuka kuwa "Haya shangazi, hakuna shida, tutasubiri." Ni maneno manne zaidi. Mpwa wetu alipofundishwa hilo alicheka, kisha akafanya jambo bora kuliko zoezi langu: alipiga simu, akaanza na shikamoo. Alipoisikia marahaba alijua mambo yamekwisha.

Mtoto naye afundishwe hodi. Kumpigia mtu simu ya video bila kumuuliza ni kusukuma mlango. Kumwingiza mtu kwenye kundi bila ridhaa yake ni kumburuta sebuleni kwa wageni.

Jambo ambalo silifanyii mzaha ni msiba. Kwetu habari ya kifo ilikuwa na njia yake. Wazee wawili hutumwa, hupiga hodi, hukaa, huulizia hali za wote, kisha mmoja hushusha sauti, na mfiwa huanza kuelewa kabla neno lenyewe halijatamkwa. Sasa picha ya ajali inaweza kufika kwenye simu ya mama kabla ya hao wazee kuvaa viatu, imetumwa na mtu anayedhani anasaidia. WhatsApp imeweka mipaka ya kusambaza ujumbe, na tangu mwaka 2020 ule uliokwisha kusambazwa mara nyingi unatumwa kwa mtu mmoja au kundi moja tu kwa mara moja. Kundi moja linatosha, kama mama yumo. Ikikufikia picha ya namna hiyo leo, ifute. Kama unaifahamu familia, mtafute mkubwa wao kwa simu na uzungumze naye, halafu kaa kimya mpaka wenyewe watangaze.