Je, Wajua Saratani Huficha Vipi Kitambulisho Chake?

Je, wajua kwamba kila seli yako yenye kiini imebeba DNA ya urefu wa karibu mita 2? Uzi huo hutoshea humo kwa sababu umezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, kama uzi wa cherehani kwenye vigurudumu vyake. Kila kigurudumu hubeba jozi 147 za herufi za DNA. Uzi pamoja na vigurudumu vyake ndio kromatini.

Uzi ukikazwa, jeni zake hazisomeki, ukilegezwa, zinasomeka. Saratani huugeuza mpango huo kuwa maficho. Kwa kawaida, seli huanika juu ya utando wake vipande vya protini zilizomo ndani, mithili ya kitambulisho, ili seli T, askari wa kinga ya mwili, wavikague. Baadhi ya seli za saratani hutumia protini iitwayo EZH2 kukaza jeni zinazotengeneza kitambulisho hicho. Jeni hazijafutwa, zimefungwa tu, na askari hupita bila kumtambua adui.

Askari naye hufungwa. Seli T inayopigana na uvimbe kwa muda mrefu huchoka, na kromatini yake hupangika upya kiasi kwamba hata dawa za kuamsha kinga huenda zisiirudishie nguvu zake zote.

Kaunti ya Bomet nchini Kenya inaijua saratani kwa karibu. Mwaka 2010, watafiti walieleza habari za wagonjwa 109 wa saratani ya umio waliotibiwa huko, katika Hospitali ya Tenwek, wakiwa na umri usiozidi miaka 30. Na katika uvimbe wa umio uliochunguzwa sehemu mbalimbali za dunia, KMT2D na EP300, jeni zinazosaidia kulegeza kromatini, ni miongoni mwa zile zinazokutwa zimeharibika mara kwa mara.

Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha tazemetostat, dawa inayoizuia EZH2, kwa saratani moja adimu ya tishu laini. Saratani ya umio bado haijafikiwa na idhini hiyo. Hata hivyo, huko Tenwek watafiti wamewapima watu wasio na dalili kwa kupitisha kamera nyembamba kooni na kunyunyizia ayodini. Penye afya hugeuka kahawia kama chai ya rangi. Palipoanza kuharibika hukataa rangi. Doa lililowapita askari linaonekana na daktari, kabla ugali haujaanza kukwama kooni.