Kamera Inayohesabu Watu: Inavyoweza Kusaidia Kuzuia Mkanyagano

Jumamosi ya tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walipoteza maisha mjini Moshi katika mkutano wa maombi uliofanyika viwanja vya Majengo. Walikuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyosemwa kuwa ya upako, wengi kwa wakati mmoja na kwa njia moja. Siku mbili baadaye, wanafunzi 14 wa Shule ya Msingi Kakamega nchini Kenya walifariki kwenye ngazi wakitoka madarasani. Mwaka uliofuata, tarehe 21 Machi 2021, watu 45 walikufa kwenye msongamano katika Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, walipokwenda kumuaga Hayati Rais John Magufuli.

Mkutano wa maombi, shule na msiba ni mambo tofauti. Lakini katika yote matatu, watu walizidi uwezo wa njia waliyoitumia, na umati haukusimamishwa kabla ya maafa.

Sisi wa kando ya Ziwa Victoria tunajua gharama ya kutohesabu watu. Kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018 kilikuwa na uwezo wa abiria takriban 100. Waliokufa walizidi 220, na hata baada ya ajali ilikuwa vigumu kujua idadi kamili ya waliopanda.

Siku hizi kuna kamera zinazoweza kuhesabu umati na kutoa tahadhari. Ndugu msomaji, ni vyema tuelewe zinavyofanya kazi, zinaposhindwa, na sisi wenyewe tunabaki na wajibu gani.

Mkanyagano huanzaje?

Wengi hudhani watu hufa kwa sababu wameanguka na kukanyagwa. Hilo hutokea, lakini mara nyingi mtu hufa akiwa bado amesimama. Kifua kinabanwa kutoka mbele na nyuma mpaka mapafu hayawezi kupanuka, na pumzi inakatika.

Kipimo muhimu ni idadi ya watu katika kila mita moja ya mraba. Wakiwa wawili, kila mmoja anatembea kwa hiari yake. Wakiwa wanne, mwendo unapungua na mabega yanagusana. Wakifikia watano, hali ni ya hatari. Wakifika sita au saba, mtu hana tena uamuzi juu ya mwili wake: umati unasukumwa kama maji, na aliye nyuma hajui kwamba anamuumiza aliye mbele. Kwa hiyo si haki kusema kwamba waliokufa walikosa nidhamu. Kwa kawaida tatizo lilianza mapema zaidi, katika mpangilio wa milango na njia.

Kamera inafanya nini?

Kamera ya kawaida ya ulinzi hurekodi tu. Mlinzi mmoja mwenye skrini kumi mbele yake huchoka, na macho yake hayawezi kukadiria kama uwanja una watu elfu mbili au elfu nne. Katika uchambuzi wa video, picha hupelekwa kwenye kompyuta yenye programu iliyofundishwa kwa maelfu ya picha za umati. Programu hiyo hufanya kazi tatu.

Kwanza, huhesabu. Watu wakiwa wachache, hutambua kila kichwa. Wakisongamana, hukadiria idadi kwa kila eneo na kuchora ramani ya rangi: kijani ni salama, nyekundu ni hatari.

Pili, hupima mwendo. Mstari wa kufikirika huwekwa mlangoni, na programu huhesabu waingiaji na watokaji. Huona pia watu wanapopunguza kasi, wanaposimama ghafla, au makundi mawili yanapokutana uso kwa uso.

Tatu, hutoa tahadhari. Waratibu huweka kikomo, tuseme watu watatu kwa mita ya mraba. Kikifikiwa, ujumbe huenda kwenye simu au redio ya msimamizi akiwa bado na nafasi ya kufungua njia nyingine.

Somo kutoka Mina

Ushahidi mkubwa wa faida ya njia hii ulitoka kwa ndugu zetu Waislamu. Tarehe 12 Januari 2006, mahujaji zaidi ya 340 walikufa karibu na daraja la Jamarat huko Mina, Saudi Arabia. Kamera zilikuwa zikirekodi. Wanasayansi Dirk Helbing, Anders Johansson na Habib Zein Al-Abideen walichambua video hizo na kuchapisha matokeo mwaka 2007. Waligundua kwamba umati ulipita hatua zinazoonekana. Ulianza kwa mwendo tulivu, ukafuata mwendo wa kwenda na kusimama uliosambaa kama wimbi kuelekea nyuma, na mwisho ukawa msukosuko uliowarusha watu huku na huku. Dalili zilionekana kabla ya watu kuanza kuanguka.

Daraja likajengwa upya kwa ghorofa kadhaa, njia zikawa za upande mmoja, na vikundi vikapangiwa saa za kwenda. Hata hivyo, tarehe 24 Septemba 2015 mamia ya mahujaji, Watanzania wakiwemo, walikufa Mina kwenye barabara iliyo nje ya daraja hilo. Sehemu moja ikifanywa salama, hatari inaweza kuhamia kwenye njia inayoelekea hapo.

Teknolojia isipotosha

Mjini Seoul, Korea Kusini, watu 159 walikufa kutokana na msongamano wa usiku wa tarehe 29 Oktoba 2022 kwenye kichochoro cha Itaewon. Wananchi walikuwa wamepiga simu polisi saa kadhaa kabla, wakieleza kwamba watu wanabanwa. Taarifa zilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuzifanyia kazi. Jiji hilo sasa limeweka kamera zinazopima msongamano, lakini kamera haiwezi kufunga barabara wala kufungua geti.

Mashine yenyewe ina mipaka pia. Giza, mvua, miavuli na matawi ya mitende huificha sura ya umati. Programu iliyofundishwa kwa picha za nchi nyingine inaweza kukosea ikikutana na kina mama waliojitanda khanga na watoto mgongoni. Umeme nao hukatika. Kwa hiyo tarakimu ya kompyuta ilinganishwe daima na macho ya mtu aliye pale.

Kuna pia suala la heshima ya mtu. Kuhesabu vichwa hakuhitaji kujua nani ni nani. Ufaransa, iliporuhusu uchambuzi wa video kwa ajili ya Olimpiki ya Paris ya 2024, ilikataza katika sheria hiyo kutambua watu kwa nyuso. Hapa Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Parokia inayofunga kamera iwaambie waamini, irekodi kinachohitajika tu, na isitumie picha kuchunguza nani amekuja Misa na nani hakuja. Mtu anayekuja kuungama hapaswi kuhisi kwamba anafuatiliwa.

Tunaweza kuanza na nini?

Parokia nyingi hazina fedha za mfumo kama huo, lakini hesabu yake haihitaji fedha. Chukua futi kamba na upime uwanja wa kanisa. Tuseme una mita 20 kwa 30, yaani mita za mraba 600. Kwa watu wawili kila mita, unabeba 1,200. Wakifika 2,400 msongamano ni mkubwa.

Sasa pima geti. Kwa mwendo tulivu kwenye ardhi tambarare, upana wa mita moja hupitisha watu takriban 80 kwa dakika. Geti la mita tatu litatoa watu 2,400 kwa dakika kumi. Bawa moja likiwa limefungwa, au pikipiki za wauza vitafunwa zikiziba nusu, zinahitajika dakika ishirini. Ikinyesha mvua ya ghafla, watu hawatasubiri dakika ishirini.

Kwa upadirisho, hija au maandamano ya Jumapili ya Matawi, mambo haya yanawezekana hapa Mkolani na kwingineko:

- Njia ya kuingia na ya kutoka ziwe tofauti, na mageti yote yafunguliwe kabla ya baraka ya mwisho.
- Simu iliyowekwa juu ya mnara au ghorofa ionyeshe umati kwa msimamizi mmoja. Hiyo tayari ni nusu ya faida ya kamera ya kisasa.
- Chochote kinachogawiwa, iwe maji ya baraka, chakula au fulana, kigawiwe sehemu nyingi kupitia jumuiya ndogo ndogo, kamwe kisigawiwe mlangoni.
- Kipaza sauti kiwe na mtu anayejua maneno ya kusema: wa nyuma warudi kwanza.
- Ajulikane kwa jina, kabla ya siku yenyewe, nani ana mamlaka ya kusimamisha ibada.

Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Katibu wa kamati au frateri kijana anaweza kuona hatari akaogopa kumkatiza padre, au hata askofu, katikati ya maadhimisho. Waseminari wanaojiandaa kuongoza parokia waanze sasa kuzoea kumwambia mhudumu wa mlangoni: ukiona watu wanabanwa, njoo uniambie, nami nitasimama.