Honda ya Mzee na Amani ya Nyumba

Mume anataka iwe ya kisasa, mama mkwe hataki iguswe, shemeji anataka iuzwe kilo. Je, mnaanzia wapi?

Kila ukoo una kitu cha zamani ambacho hakuna mwenye moyo wa kukitupa. Wengine wana redio ya mbao, wengine cherehani. Hapa Kigoma, kuanzia Mwanga mpaka Ujiji, mara nyingi kitu hicho ni pikipiki. Baba zetu waliokuwa mabwana shamba, waalimu na waganga wa zahanati walizitumia kufika vijijini enzi ambazo barabara ilikuwa vumbi jekundu kiangazi na tope masika. Wamestaafu, wengine wametangulia mbele ya haki, na pikipiki zimebaki uani.

Yetu ni Honda CG125 ya marehemu baba mkwe. Ilikuwa Ujiji, chini ya mwembe, na kuku walikuwa wameshaifanya nyumba yao. Siku tuliyoizungumzia kwenye kikao cha familia, shemeji alisema iuzwe chuma chakavu. Mume wangu akasema hapana, ataifufua yeye mwenyewe, nyumbani kwetu, na ataifanya kama zile anazoziona kwenye simu. Mama mkwe akanyamaza. Wanawake wenzangu mnaelewa: mama mkwe akinyamaza, ujue kuna jambo.

Kwa nini hii inafufuka

Kabla ya mapenzi, tuzungumze chuma. Si kila pikipiki ya zamani inafaa kuhangaikiwa, kwani nyingine hata ufanye nini vipuri hupati. CG125 ni habari nyingine. Honda waliitoa mwaka 1976 kwa ajili ya nchi kama zetu, ambako pikipiki ni punda wa kazi na fundi yuko mbali. Injini yake ni ya silinda moja, cc 124, na valvu zinasukumwa kwa vijiti badala ya cheni ndogo ya juu. Haina mbio, lakini inavumilia.

Baadaye viwanda vya China viliinakili injini hiyo kwa wingi. Ndiyo maana pikipiki nyingi za Kichina zilizojaa kwenye vijiwe vya bodaboda zina injini ya ukoo wa CG. Kwa hiyo pistoni, ringi, gasketi na klachi unaweza kuzipata kwenye duka la vipuri vya bodaboda, bila kuagiza ng'ambo. Ila kuwa makini: ukienda dukani taja "CG", na uende na kipuri cha zamani mkononi mkalinganishe. Vipuri vya Boxer haviingiani nayo. Sisi tuliuziwa ringi ambazo hazikudumu hata mwezi, na muuzaji akatuambia eti tumeendesha vibaya!

Siti ya nani?

Sasa ugomvi wenyewe. Mume wangu alitaka mtindo uitwao café racer. Ulianza na vijana wa Uingereza miaka ya 1950 na 1960, waliokuwa wakikutana kwenye migahawa kama Ace Cafe ya London. Usukani unashushwa, madigadi yanakatwa, na siti inakuwa fupi, ya mtu mmoja.

Nikamuuliza swali moja tu: "Baba, na mimi nitakaa wapi?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Madigadi yakikatwa, tope lote la masika linakuja mgongoni. Siti ikiwa ya mtu mmoja, maana yake safari ni za mtu mmoja. Tulibishana wiki nzima, na ukweli ni kwamba tulikuwa tunabishania zaidi ya siti.

Aliyetuamua ni mama. Jumapili moja tulimfuata Ujiji, mume wangu akamwonyesha picha kwenye simu. Mama akazitazama zote, kisha akasema: "Mwanangu, injini fanya utakavyo. Lakini siti hiyo ndiyo baba yako alinipakia usiku ule kunipeleka Maweni, nikakuzaa wewe. Ukiikata, utakuwa umekata nini?"

Safari ya kurudi Mwanga tulikuwa kimya. Kesho yake mume wangu aliifuta ile picha kwenye simu.

Somo la Liemba

Watu wa Kigoma hatuhitaji kwenda mbali kujifunza jambo hili. Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa meli na treni, ikaungwa hapa na kushushwa ziwani mwaka 1915. Mwaka uliofuata, vita vilipowaelemea, Wajerumani waliizamisha wenyewe, lakini mafundi wao waliipaka injini grisi nzito kwanza. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya. Miaka ya 1970 ikatolewa injini ya mvuke na kuwekewa ya dizeli.

Jina limebadilika, injini imebadilika, lakini ukiitaja Liemba hakuna anayeuliza ni meli gani. Bodi ni ileile. Kila chombo cha zamani kina kitu ambacho kikiondoka, chombo nacho kimeondoka. Kwa Honda yetu, kitu hicho kilikuwa siti. Mengine yote yalikuwa ruksa.

Kazi yenyewe

Tulijipangia Jumamosi mbili kwa mwezi. Injini ilikuwa imeganda, hivyo fundi alituambia tusiilazimishe kwa kiki. Tulitoa plagi, tukamimina mafuta mepesi kwenye silinda, tukaacha siku kadhaa, kisha tukaizungusha taratibu. Ikaachia.

Tangi lilikuwa na kutu. Tulilijaza siki nyeupe pamoja na nati ndogo, tukalitikisa, tukaliacha usiku kucha. Kisha tukalisuuza kwa maji yenye baking soda, tukalianika juani na kulipaka mafuta ndani kabla kutu haijarudi. Kabureta ilifunguliwa yote na jeti zake zikazibuliwa. Platini nazo zilisafishwa kwa msasa laini.

Umeme ndio uliotutesa. CG za mwanzo zilitumia volti 6, na taa yake usiku ni kama kibatari. Ukitaka volti 12, kubadili balbu pekee hakusaidii. Mfumo mzima wa kuchaji, betri na honi lazima vihamie pamoja. Hiyo tulimwachia fundi umeme.

Siti? Tulimpelekea fundi makochi. Alibadilisha sponji na kushona ngozi mpya, umbo likabaki lilelile, la watu wawili. Mume wangu naye alipata haki yake: ekzosi nyeusi, vioo vipya, na usukani alioupenda.

Kabla hamjashika spana

1. Kaeni wawili, kila mmoja ataje kitu kimoja ambacho hataki kiguswe. Kiheshimiwe.

2. Angalieni kadi. Kama pikipiki ina jina la marehemu, umiliki unahamishwa kupitia msimamizi wa mirathi na TRA. Fanyeni hivyo kabla ya kutumia hata shilingi, kwani ikishang'aa kila ndugu ataikumbuka. Mkibadili injini au rangi, kadi nayo irekebishwe.

3. Wekeni bajeti yake pembeni. Pesa ya ada na ya chakula isiguse kabureta.

4. Petroli isikae karibu na jiko la mkaa, wala isiwekwe kwenye chupa za maji au soda. Mtoto hajui tofauti.

5. Vumbi la breki za zamani msilipulize. Linaweza kuwa na asbesto. Futeni kwa kitambaa kilicholoa.

6. Helmeti ziwe mbili.

Rafiki zangu huniuliza kama ilistahili, maana kwa pesa ile tungeongezea kidogo tukapata mpya. Jibu langu ni kwamba mpya isingetukalisha Jumamosi nzima mimi na mume wangu tukiwa na grisi mikononi, simu zikiwa ndani, tukizungumza mambo ambayo mezani hayasemeki. Na isingemfanya mama mkwe wangu avae kanga yake nzuri, akae nyuma ya mwanawe kwa upande kama zamani, na kumwambia aende polepole wapite Ujiji yote, watu wamwone.