Mraba wa Shamba na Kipande Kilichopotea



Katika safari yetu ya karibuni kutoka Meru kwenda Embu, tukipitia Chuka na Runyenjes baina ya mashamba ya chai na kahawa, tulilala kwa jamaa zetu wa pwani waliohamia huko kwa biashara ya leso. Baada ya Isha tulimkuta binti yao, wa Kidato cha Pili, akilia juu ya daftari. Alitakiwa kuzidisha (a + b + c) kwa nafsi yake, yaani (a + b + c)². Akaandika a² + b² + c², na mwalimu akamkosoa kwa wino mwekundu. Mama yake akatuambia, "Sheikh, nimemwambia asijisumbue tena. Hisabati si ya watoto wa kike."

Usiku ule hatukujibu. Baada ya Alfajiri tuliwaita wote wawili uani, tukachora mraba mchangani kwa kijiti. Tukasema: hili ni shamba, kila upande hatua 28, yaani 20 na 5 na 3. Tukaigawa mistari ya pande mbili kwa vipimo hivyo, tukapitisha mistari mpaka ng'ambo. Vikatokea vipande tisa.

"Mwanangu, jibu lako liko wapi?" Akaonyesha miraba mitatu: 400, 25 na 9, jumla 434. "Na shamba zima?" Akazidisha 28 kwa 28, akapata 784. Akanyamaza. Hatua za mraba 350 zilikuwa zimepotea.

Mama ndiye aliyeziona kwanza. Akainama, akagusa mistatili sita iliyobaki: miwili ya 20 kwa 5, miwili ya 20 kwa 3, miwili ya 5 kwa 3. Ni 200, na 120, na 30. Jumla 350! Binti akachukua kalamu, akaandika mwenyewe:

(a + b + c)² = a² + b² + c² + 2ab + 2ac + 2bc.

Basi kanuni ni hii: kila herufi izidishwe kwa nafsi yake, kisha kila jozi izidishwe na kuhesabiwa mara mbili. Herufi zikiwa nne, vipande ni 16: miraba minne na jozi sita, kila jozi mara mbili. Penye alama ya kutoa, jozi ichukue alama yake.

Elimu hii si ngeni kwetu. Neno aljebra limetoka katika al-jabr, neno lililomo katika jina la kitabu cha Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad zama za Khalifa al-Maamun (813–833). Naye alithibitisha hesabu zake kwa kuchora miraba, na sehemu kubwa ya kitabu chake inahusu mirathi na wasia. Baada yake al-Karaji aliiendeleza elimu hiyo kwa mafungu yenye sehemu nyingi.

Ndugu zetu, Mola ametuonya katika Suratul Mutaffifin juu ya wanaopunja vipimo. Binti asiyejua kupima atajuaje fungu lake la mirathi likipunjwa? Tusiwaambie mabinti zetu kwamba hesabu si yao. Tulipoaga, mama yule alikuwa bado uani, akichora shamba la herufi nne.

Wabillahi tawfiq.