Tone Moja Lisilo Mahali Pake

Kamera kongwe kama Retina ya Kodak, iliyotengenezwa Ujerumani tangu 1934, ikikwama, wengi wetu hukimbilia mafuta ya cherehani. Hasha! Ndiyo huiua. Vile vijani vya chuma vinavyofungua na kufunga mwanga hufanya kazi vikavu. Vikilowa hunatana, na sura ya bibi harusi ikaungua kwa mwanga.

Fundi na aoshe kwanza mafuta yaliyoganda kwa petroli ya viberiti, akaushe. Kisha kwa ncha ya sindano atie chembe ya mafuta ya saa kwenye ekseli za vigurudumu vya mwendo wa polepole. Hesi ya lenzi yataka grisi, kidogo, tena nzito: nyepesi, kwa joto letu la pwani, hutambaa hadi vijanini.

Israfu imekatazwa mezani, ndugu msomaji; na kwenye kamera pia.